Picha Iseme Kweli: Kurekebisha Mwangaza na Utofautishaji Bila Kupotosha

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Ogembo mbele ya wenye studio za picha, wahudumu wa saiba, wachongaji wa mawe na vijana kutoka wadi za karibu. Tunayachapisha kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kufika.

 

Najua kila aliyeketi hapa ameacha kazi mahali fulani, kwa hivyo sitawachelewesha kwa maneno ya utangulizi. Nimeombwa nizungumze juu ya vitelezi viwili tu ambavyo vimo katika kila simu na kila kompyuta: kitelezi cha mwangaza na kitelezi cha utofautishaji. Mwangaza ni jinsi picha nzima ilivyo na mwanga au giza. Utofautishaji ni pengo lililopo kati ya sehemu nyeusi na sehemu nyeupe za picha hiyo.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya urembo, ya vijana wa mtandaoni. Lakini hebu tuhesabu picha zinazopita mikononi mwenu kwa wiki moja. Kuna picha ya pasipoti ya kijana anayetafuta kazi Ghuba. Kuna cheti cha kuzaliwa kilichopigwa picha kwa simu, cha mtoto anayeomba basari. Kuna picha ya sahani ya mawe ya Tabaka inayotumwa kwa mnunuzi ambaye hajawahi kukanyaga Kisii. Kuna picha ya jani la mahindi linalougua, na picha ya daraja la miguu ambalo limekamilika au halijakamilika. Katika kila moja, kuna mtu mahali fulani atakayeitazama na kuamua jambo. Hakuoni wewe, wala hauoni uso, jiwe au jani lenyewe. Anaiona picha tu. Ndiyo maana leo tunaongea.

Picha ni hesabu

Tuanze na msingi. Picha ya dijitali imeundwa na vitone vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila namba huanzia 0 hadi 255. Sufuri ni giza totoro, 255 ni weupe wa mwisho. Hakuna kilicho chini ya 0 wala juu ya 255. Shikeni jambo hilo, kwa sababu uharibifu mwingi wa picha hutokea kwenye kuta hizo mbili.

Tuchukue mfano. Mteja ameketi studio. Ana ngozi nyeusi, amevaa shati jeupe, na nyuma yake kuna shuka nyeupe. Picha imetoka na giza. Tuseme shavu lake lina namba 40. Shati lina 230, na mkunjo wa shati, ambao una kivuli kidogo, una 200.

Sasa unavuta kitelezi cha mwangaza. Kwa hesabu yake ya asili, kitelezi hicho huongeza namba ileile kwa kila pikseli. Ongeza 60. Shavu linapanda kutoka 40 hadi 100, na hapo unafurahi. Lakini shati la 230 lilipaswa kuwa 290, na mkunjo wa 200 ulipaswa kuwa 260. Namba hizo hazipo. Vyote viwili vinagonga ukuta na kuwa 255. Shati na mkunjo sasa ni kitu kimoja, bapa jeupe lisilo na chochote. Ukihifadhi hivyo, kesho huwezi kurudisha kitelezi nyuma ukaupata mkunjo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwingine atasema: basi nitumie utofautishaji ili picha iamke. Kitelezi hiki huchukua namba ya katikati, yaani 128, kisha husukuma kila pikseli iwe mbali nayo zaidi. Kilicho juu hupanda, kilicho chini hushuka. Ukiongeza kwa robo, shati la 230 linafika ukutani, 255. Na shavu la 40? Liko chini ya katikati kwa 88. Ongeza robo, linakuwa chini kwa 110. Linabaki na 18 tu. Yaani umezidisha giza kwenye uso uleule uliotaka kuuonyesha. Programu nyingine za sasa zimelainisha hesabu hizi, lakini mwelekeo ni huo: utofautishaji ukiongezwa, uso mweusi huzama kwanza.

Njia iliyo bora ni kuinua sehemu ya kati na ya giza, huku ncha mbili zikiachwa mahali pake. Kwenye kompyuta, programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, ina kidirisha chenye vipembetatu vitatu: cheusi, cha kijivu na cheupe. Vuta kile cha kijivu kuelekea upande wa giza. Kwa hesabu ya mfano wetu, ukifikisha kipimo cha 1.5, shavu la 40 hupanda hadi karibu 74, mkunjo wa 200 unakuwa 217, na shati la 230 linakuwa 238. Uso umefunguka, shati lina mkunjo wake, na hakuna kilichogonga ukuta. Kwenye simu, programu ya Snapseed, nayo ya bure, ina vitelezi tofauti vya vivuli na vya sehemu angavu. Inua vivuli kidogo kidogo, punguza sehemu angavu kidogo, kisha ndipo uguse utofautishaji, ikiwa bado unahitajika.

Kwa nini uso hutoka mweusi kwanza

Swali la pili ni hili: kwa nini picha ilitoka na giza tangu mwanzo, na studio ilikuwa na taa?

Kamera haijui kwamba mbele yake ameketi mtu. Inapima mwanga unaoingia na kutafuta wastani, kijivu cha kati. Ukiweka shuka nyeupe nyuma na shati jeupe mbele, kamera husema kuna mwanga mwingi mno hapa, ngoja nipunguze. Inapopunguza, shuka inageuka kijivu na uso unakuwa doa. Simu nyingi za sasa hutambua nyuso na hujaribu kurekebisha, lakini hazifaulu kila mara.

Dawa yake haigharimu pesa. Gusa uso kwenye skrini ya simu kabla ya kupiga, ili kipimo kichukuliwe hapo. Alama ndogo ya jua ikitokea, iburute juu kidogo. Mweke mteja karibu na dirisha, uso ukielekea mwanga, wala si mgongo. Mwache asimame hatua mbili mbele ya shuka ili kivuli chake kisianguke juu yake. Karatasi nyeupe au bati jipya lililowekwa chini ya kidevu, nje ya picha, hurudisha mwanga kwenye shingo na mashavu. Dakika moja ya namna hii huokoa dakika ishirini za kompyuta. Na kuna sababu nyingine: pikseli iliyopigwa gizani hubeba habari kidogo. Ukiivuta juu kwa nguvu, hutoka chembechembe kama mchanga kwenye ngozi.

Tatizo hili lina historia, na ni vizuri tuijue ili mtu asidhani ngozi yake ndiyo yenye kasoro. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ya Marekani ilisambaza kadi za kupimia rangi kwa maabara za kusafishia picha. Kwa miaka mingi kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mafundi waliziita kadi za Shirley. Picha za dunia nzima zilisawazishwa kwa kipimo cha ngozi yake. Malalamiko yaliyosaidia kuisukuma kampuni irekebishe filamu zake hayakutoka kwa watu weusi pekee. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao nao walilalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitofautiki kwenye picha. Katika miaka ya 1990 zikatoka kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Na ilipofika mwaka 2021 ndipo Google ikaitangaza simu ya Pixel 6 kwa kusema kamera yake imefunzwa kupiga ngozi nyeusi ipasavyo. Kwa hivyo kifaa ulichonacho kina mazoea yake ya zamani. Fundi ndiye anayepaswa kukielekeza.

Picha ya kitambulisho na ya pasipoti

Hapa nawaomba wenye studio wanisikilize vizuri. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ndilo linaloweka viwango vya hati za kusafiria. Linataka picha yenye mwangaza na utofautishaji unaofaa, isiyo na vivuli usoni, na inayoonyesha rangi ya ngozi jinsi ilivyo. Mashine ya mpakani hulinganisha picha na mtu aliyesimama mbele yake. Ikiwa mashavu, pua na paji la uso vimekuwa doa moja, mashine haina cha kulinganisha. Ikiwa umemng'arisha mtu mpaka pua yake imeyeyuka kwenye shavu, matokeo ni yaleyale.

Najua kuna wateja wanaosema, "Fundi, nitoe mweupe kidogo." Msiwadharau, lakini waelezeni. Picha ya harusi ni yake, apake rangi apendavyo. Picha ya hati ni ahadi kwamba huyu ndiye. Inua mwangaza mpaka uso uonekane, kisha usimame. Utajuaje mahali pa kusimama? Mwite mteja asimame kando ya skrini. Tazama uso wake, tazama picha. Ukiona mstari wa kope, mkunjo wa mdomo na umbo la pua, na rangi ni ile ya mtu aliyesimama hapo, umefika.

Pia msihukumu kwa skrini moja. Skrini ya simu ikiwa juani hukufanya uongeze mwangaza kupita kiasi. Skrini ya kompyuta iliyowekwa mwanga wa juu kabisa hukudanganya kwamba picha iko sawa, kisha karatasi inatoka na giza. Toa chapa moja ndogo ya majaribio kabla ya kuchapisha nane. Na jifunzeni kusoma histogramu, ile picha ndogo inayofanana na mlima. Kushoto ni pikseli za giza, kulia ni za mwanga. Mlima ukiwa umejibana kwenye ukuta wa kushoto au wa kulia, kuna habari inayopotea. Histogramu haijali skrini yako ikoje.

Karatasi za basari na hati nyingine

Kwa karatasi mambo hubadilika. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe hupenda utofautishaji. Ukiuongeza, herufi hukolea na karatasi husafika. Ndiyo maana programu za kuskani kwa simu hufanya hivyo zenyewe.

Lakini angalieni muhuri. Muhuri wa chifu au wa shule mara nyingi ni wa buluu au zambarau iliyofifia. Sahihi nyingine imetiwa kwa kalamu inayoisha wino. Ukisukuma utofautishaji mpaka mwisho, vitu hivyo vinahesabiwa kuwa karatasi na kufutika. Fomu inafika mezani ikiwa na maandishi mazuri, haina muhuri. Mzazi anaambiwa alete nyingine, na tarehe ya mwisho imeshapita. Mtoto anakaa nyumbani kwa sababu ya kitelezi.

Kwa hivyo, piga karatasi mchana, karibu na mlango, bila kivuli cha kichwa chako wala cha simu. Chagua kuskani kwa rangi, usichague nyeusi na nyeupe. Ongeza utofautishaji hadi maandishi yasomeke, kisha kuza picha ukague vitu vitatu: muhuri, sahihi na tarehe. Vyote vikionekana, tuma. Na ieleweke: kufanya maandishi yaliyopo yasomeke ni kazi halali. Kubadilisha herufi au namba hata moja ni kughushi, na hilo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63.

Mawe ya Tabaka na biashara nyingine

Wachongaji wetu, msemo ni kizuri chajiuza. Ila kwenye simu, kizuri hujiuza tu kikionekana. Mawe ya Tabaka yana weupe, rangi ya maziwa, waridi na kijivu, na yana mishipa midogo inayopita ndani. Mnunuzi wa mbali analipia mishipa hiyo pamoja na ulaini wa msasa wako. Jiwe jeupe likipigwa juani saa sita, kisha likaongezwa mwangaza, mishipa hutoweka. Kinachobaki kinafanana na plastiki.

Jiwe jeupe liwekeni kivulini penye uwazi, juu ya kitambaa cheusi au cha kijivu. Mwanga utoke upande mmoja ili kina cha nakshi kionekane. Baada ya hapo punguzeni sehemu angavu kwanza, kabla ya kuongeza kitu chochote. Utofautishaji kidogo husaidia nakshi. Ukizidi, jiwe la waridi huwa jekundu, na mnunuzi akifungua boksi akakuta waridi, hatasema kamera ilikosea. Atasema umemdanganya. Mzigo unarudi, nauli inakwenda, na jina linaharibika. Ukiweka kipande cha karatasi nyeupe kando ya jiwe katika picha moja ya ziada, mnunuzi anaweza kuona rangi halisi kwa kulinganisha.

Jani la mahindi

Wakulima nao wanatuma picha kwa maafisa wa kilimo kuuliza ugonjwa. Ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa nchini kwetu kwa mara ya kwanza Bomet mwaka 2011 huanza na mistari na mabaka ya rangi ya manjano iliyopauka kwenye majani. Afisa anatafuta rangi hiyo hasa. Simu ikikuletea kile kitufe cha kujirekebisha yenyewe, hukoleza kijani ili picha ipendeze, na dalili inafichika. Picha ya mmea mgonjwa isirekebishwe hata kidogo. Pigeni jani la juu, la chini na shamba zima. Tumeni kama zilivyo. Kwenye WhatsApp, zitumeni kwa njia ya hati badala ya njia ya picha, kwa sababu njia ya picha hubana faili na kupunguza habari.

Picha kama ushahidi

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Mwaka 1994 mchezaji maarufu wa Marekani, O. J. Simpson, alikamatwa akishtakiwa kwa mauaji. Magazeti mawili makubwa, Time na Newsweek, yalichapisha jalada lenye picha ileile ya polisi, katika matoleo ya tarehe 27 Juni. Newsweek iliiacha ilivyo. Time iliitia giza. Watu walipoziona kando kwa kando dukani, ghadhabu ilizuka: mtu hajahukumiwa, na tayari ametiwa giza ili atishe. Hakuna aliyeongezewa kovu wala silaha. Kilichowaudhi watu ni mwanga uliopunguzwa. Mhariri wa Time alilazimika kujieleza kwa wasomaji.

Hapa kwetu wananchi hupiga picha za barabara, vyoo vya shule, zahanati na madaraja, na ni haki yao. Maafisa nao hupiga za kwao. Ukuta wenye nyufa ukiongezwa mwangaza mwingi huonekana mpya. Barabara nzuri ikiongezwa utofautishaji, kila kokoto huonekana shimo. Pande zote mbili zinaweza kudanganya bila kufuta kitu. Kwa picha ya aina hiyo kanuni ni moja: hifadhi ya asili bila kuigusa, na rekebisha nakala. Faili ya asili huwa pia na tarehe na saa ndani yake. Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Asiye na faili ya asili atakuwa na kazi ngumu.

Na wenye studio, sura za wateja mnazohifadhi ni data yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu. Usitumie uso wa mtu kutangaza ufundi wako bila idhini yake.

Mambo ya kukumbuka

1. Rekebisha mwanga kabla ya kupiga. Gusa uso kwenye skrini, mwelekeze mteja dirishani.
2. Tengeneza nakala, na usiguse faili ya asili. JPEG hupoteza ubora kidogo kila inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya.
3. Inua vivuli au sehemu ya kati kabla ya kugusa mwangaza wa picha nzima. Utofautishaji uje mwisho.
4. Kagua kuta mbili: je, kuna weupe mtupu au weusi mtupu mahali palipokuwa na kitu?
5. Karatasi: muhuri, sahihi na tarehe vionekane.
6. Mmea mgonjwa na mradi wa umma: tuma picha kama ilivyo.
7. Linganisha na kitu chenyewe kabla ya kutuma.

Ndugu zangu, hiyo ya saba ndiyo kubwa. Kabla hujabonyeza kutuma, inua macho utazame mtu, jiwe au karatasi iliyo mbele yako, kisha ujiulize: yule asiyeviona, je, picha hii itamweleza ninachokiona mimi? Ikiwa ndiyo, tuma. Ikiwa siyo, kitelezi bado kiko mkononi mwako.

Sasa toeni simu zenu, tufanye mazoezi pamoja tukianza na picha za nyuso.